Tuseme dunia ni simulesheni na seva yake imeishiwa ramu, glichi zake tungezionea wapi?

Chembe_Ndogo (mtoa mada):

Wakuu habari za saa hizi.

Ile hoja kwamba ulimwengu wote ni programu inayoendeshwa kwenye kompyuta ya watu wengine wengi mnaijua. Mwanafalsafa Nick Bostrom aliiandika vizuri mwaka 2003, halafu 2016 Elon Musk akaisema mbele ya watu ikasambaa mpaka vijiweni. Leo sitaki tubishane kama ni kweli au si kweli, hapo tutakesha. Nataka tuibane sehemu moja tu: tuseme ni kweli, na tuseme hiyo mashine haina nguvu zisizoisha, ni mashine kama mashine nyingine, ramu yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ina mwisho, prosesa inachemka, bajeti wamekata. Sisi tuliomo ndani tungeona nini?

Maana watu wengi ukiwauliza wanakupa vituko. Mtu kuyeyuka mbele ya macho, mkono kupita ukutani, abiria wawili wenye sura moja kwenye daladala. Mi nimekaa na hii kitu muda mrefu na naona tunatafuta pasipo. Mashine iliyobanwa haifanyi vituko, inapunguza kazi kimyakimya. Na aliyezaliwa ndani yake hataiita glichi, yaani hitilafu ya mashine, ataiita kanuni ya maumbile na wanafunzi wa kidato cha tatu wataikariri.

Chukua Space Invaders, gemu ya Kijapani ya mwaka 1978, aliitengeneza Tomohiro Nishikado. Walioicheza wanakumbuka wale viumbe wanavyoshuka kwa mistari, ukiwapunguza wanaongeza mwendo, akibaki mmoja anakimbia hatari. Ule mwendo chanzo chake ni prosesa: wakiwa wengi mashine inachelewa kuwachora wote, wakipungua inapata nafuu, kasi inapanda yenyewe. Nishikado akaona imenoga akaiacha. Sasa jiweke ndani ya ile skrini, wewe ni mmoja wa wale viumbe na una akili timamu. Utapima, utachora grafu, utagundua mwendo wa kila mmoja wenu unategemea idadi ya mlio hai, utaandika fomula na itakuwa sahihi kila ukiipima. Hutakaa ujue kwamba unachopima ni uchovu wa prosesa.

Hiyo kwangu ndo hoja yenyewe, mengine yote yanatoka hapo.

Kuna hili la kuganda. Watu wanasema seva ikizidiwa si tungeona dunia inaganda? Hatungeona. Wakisimamisha mashine huko kwao miaka 1,000 wakisubiri umeme, halafu wakaiwasha, wewe uliyekuwa unainua kikombe cha chai utaendelea kukiinua na chai bado ya moto, maana ubongo wako nao ulisimama, saa ya ukutani ilisimama, mwanga uliokuwa njiani kutoka kwenye nyota ulisimama pia. Aliye nje ndo anaona kuganda. Labda kama inaganda sehemu moja huku sehemu nyingine inaendelea, hapo ndo kuna cha kupima, na hapo ndo mi huwa nakosa usingizi kidogo, kwa sababu hicho kitu KIPO. Saa iliyo karibu na kitu kizito inaenda taratibu kuliko iliyo mbali. Saa za setilaiti za GPS zinatangulia zetu za huku chini kwa maikrosekunde kama 38 kila siku, zisiporekebishwa ramani kwenye simu inakupeleka kusiko. Einstein alishaieleza kwa hesabu toka 1915, najua, lakini hebu iangalie kwa jicho la Space Invaders: palipo na vitu vingi vya kuhesabu, muda unavuta miguu.

Halafu kuna umbali. Waliokulia kwenye mabanda ya gemu ya PS2 wanaijua GTA San Andreas, ile ya 2004. Ukiangalia mbali kuna kama utusitusi wa rangi ya machungwa, majengo hayaonekani mpaka usogee, yanaibuka tu ghafla barabarani. Utusi ule unafunika sehemu ambayo mashine haijachora bado, PS2 ilikuwa na ramu ya megabaiti 32 tu na mji mzima hauwezi kukaa humo. Na magari pia, ukiiba gari la aina fulani unaanza kuyaona ya aina hiyo kila kona, kwa sababu gemu inaweka aina chache tu za magari kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, na ulilopanda tayari limo.

Na mwisho kuna kukata desimali, hii ndo naiogopa zaidi kwa sababu imeshaua watu. Tarehe 25 Februari 1991, Dhahran huko Saudi Arabia, vita vya Ghuba. Mtambo wa Patriot wa Marekani wa kudungua makombora ulikuwa umewashwa mfululizo saa kama 100. Ndani yake saa ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi kwenye namba za kompyuta haina mwisho, inajirudia milele kama moja ya tatu inavyojirudia kwetu, kwa hiyo mashine ya biti 24, yaani yenye nafasi ya tarakimu 24 tu za sifuri na moja, inaikata. Kinachopotea ni kama sekunde 0.000000095 kila mdundo. Hakuna binadamu anaweza kukihisi. Lakini saa 100 zina midundo 3,600,000, kosa likafika sekunde 0.34, na kombora la Scud kwa theluthi ya sekunde linapita zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama angani mahali pasipo na kitu. Wanajeshi 28 wakafa.

Mashine yenye ramu finyu inakosea HIVI. Hakikuonekana kituko chochote wala mtu kuyeyuka, ni mapengo madogo ambayo hayaonekani mpaka yarundikane. Kwa hiyo mi nasema glichi tuzitafute sehemu tatu: kwenye umbali mkubwa sana, kwenye vitu vidogo sana, na kwenye mambo yaliyojirudia mara nyingi mno bila kuwashwa upya. Karibuni, mwenye kubisha abishe kwa hoja.

Kibanda_Umiza:

Mkuu hapo kwenye magari umenigusa. Mi nimenunua IST mwaka jana, kabla ya hapo sikumbuki kama nilikuwa naziona, sasa hivi nikitoka Mbagala mpaka Posta ni IST IST IST, rangi ileile ya fedha, mpaka nikamwambia mke wangu hii si bure. Kumbe nimeipandisha kwenye kumbukumbu ya seva?

Chembe_Ndogo:

Mkuu hapana, na nashukuru umeitaja maana huu ndo mfano wa glichi ambayo haihitaji seva. IST zimejaa Dar, hilo hata trafiki atakuambia, zinaagizwa toka Japani miaka na miaka sasa. Kilichobadilika ni macho yako, ubongo umeambiwa hii kitu ina maana kwetu, basi unaichomoa kwenye foleni kila ikipita. Kupima ni rahisi: mke wako asiyejali magari, mkiwa njiani mmoja ahesabu IST na mwingine ahesabu Noah, kesho mbadilishane. Ingekuwa mambo ya GTA, idadi ya IST barabarani ingepanda kweli tangu siku uliyokabidhiwa funguo, na hata yule asiyekujua wewe angeihesabu imepanda. Naamini haijapanda.

Yai_Viza:

Naona mmesahau ushahidi mkubwa kuliko wote. Elektroni. Ukiirusha kwenye matundu mawili bila kuichungulia inapita kama wimbi, kote kote, ukiweka kipimo cha kuangalia imepita wapi inachagua tundu moja. Hiyo si ndo kubana matumizi? Mama ntilie hakaangi samaki mpaka mteja aagize. Dunia nayo haihesabu elektroni iko wapi mpaka mtu aulize. Kwa hiyo glichi tumeshaiona toka zamani, na wanafizikia wamekaa kimya tu. Nipo pale nimekaa nasubiri kupingwa.

Ticha_wa_Zamu:

Nimefundisha fizikia A-level muda wa kutosha, na hii ya mama ntilie naisikia kila mwaka kutoka kwa wale wanafunzi wazuri kabisa, kwa hiyo naijibu kwa heshima. Umeigeuza ndugu yangu. Elektroni ambayo HAIJAPIMWA ni ghali zaidi kuihesabu, tena ghali mno.

Twende taratibu. Chembe moja yenye hali mbili, kuiandika wakati haijapimwa unahitaji namba 2, moja kwa kila uwezekano. Chembe mbili zilizofungamana unahitaji namba 4. Chembe 10, namba 1,024. Kila ukiongeza chembe moja daftari linakuwa mara mbili. Chembe 300 tu unahitaji namba nyingi kuliko 1 ikifuatiwa na sifuri 90, wakati atomu zote za ulimwengu tunaouona zinakadiriwa kuwa 1 na sifuri 80 hivi. Chembe 300! Kwenye tone la maji ni ngapi? Ukishazipima ndo mambo yanakuwa mepesi, chembe 300 unaziandika kwa biti 300, zinaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu na nafasi inabaki.

Kwa hiyo mama ntilie wako ni yule anayepika sahani zote zinazowezekana duniani kwa wakati mmoja, za wali, za ugali, za ndizi, mteja akifika anamwaga zote anabakisha moja. Mfanyabiashara anayebana matumizi hafanyi hivyo.

Na kwa mtoa mada, hii ya muda kuvuta miguu karibu na kitu kizito nimeipenda lakini haisimami. Seva iliyozidiwa inalemewa na UGUMU wa hesabu, si na uzito. Kilo moja ya ubongo hai ina mambo mengi mno ya kuhesabu kuliko kilo moja ya chuma iliyolala stoo, lakini zinavuta saa kiasi kilekile. Na shimo jeusi ndo linamaliza ubishi: kwa mtu wa nje ni kitu chepesi kukieleza kuliko vyote, kwa nadharia ya Einstein linahitaji namba tatu tu, uzito wake, mzunguko wake na chaji yake. Namba tatu! Lakini hapo ndo muda unavuta kuliko popote. Ingekuwa ni seva kulemewa basi muda ungevuta zaidi Kariakoo mchana wa Jumamosi kuliko pembeni ya shimo jeusi.

Chembe_Ndogo:

Mwalimu nimekusoma. Hoja ya kilo ya ubongo na kilo ya chuma naikubali moja kwa moja, tena naona ndo kipimo kizuri kuliko vyote tulivyotaja humu: chukua saa mbili nzuri za atomu, moja iweke pembeni ya kompyuta kubwa inayofanya kazi, nyingine pembeni ya mzigo wa uzito uleule usiofanya chochote, linganisha. Zikitofautiana kwa kiasi ambacho joto na uzito haviwezi kukieleza, basi kuna la kuzungumza.

Ila hapo kwenye chembe 300 mbona mi naona umenipa nguvu? Ina maana mwenye mashine, kama yupo, hana kompyuta kama zetu. Ama mashine yake yenyewe inafanya kazi kwa kwantamu, yaani kwa kanuni zilezile za elektroni, ama...

Ticha_wa_Zamu:

Ama hayupo. Au yupo na hana shida ya ramu kabisa, na hapo mada yako inakufa maana wewe umesema amebanwa.

Ila kuwa makini na kitu kimoja, 2017 wanafizikia Zohar Ringel na Dmitry Kovrizhin walichapisha hesabu zinazoonesha kwamba kuna tabia fulani za elektroni ambazo mbinu moja maarufu ya kukokotoa kwa kompyuta za kawaida inashindwa nazo, kazi inapaa kila ukiongeza chembe. Magazeti yakaandika kwamba wanasayansi wamethibitisha hatuishi kwenye simulesheni. Wao wenyewe walikuwa wanazungumzia mbinu ile na kompyuta za kawaida. Nimeitaja mapema kwa sababu kuna mtu atakuja kuibandika hapa kama fimbo.

Mwana_wa_Lamu:

Assalaam aleikum. Naona mwataja Bostrom na Musk, nami nitawatajia wazee wetu. Sisi wa pwani tulosoma chuo cha Qur'ani, hili si geni. Wanazuoni wa Ash'ari, ambao ndiyo itikadi ya wengi katika Shafi'i wa mwambao huu, walisema zaidi ya miaka 1,000 nyuma kwamba vitu vyote ni chembe zisizogawanyika, na kwamba sifa za chembe, rangi yake, mwendo wake, joto lake, hazidumu nyakati mbili. Mwenyezi Mungu aziumba upya kila punje ya wakati. Imam al-Ghazali, alofariki 1111, alitoa mfano wa pamba na moto: mwaona moto wagusa pamba na pamba yaungua, mwasema moto ndio uliounguza. Yeye akasema mlichokiona ni kimoja kuwa pamoja na chengine, hamkuona kimoja kikikifanya chengine. Kuungua kumeumbwa pale moto ulipogusa, na ni desturi tu kwamba vyafuatana.

Sasa nyinyi watu wa gemu mwaiita fremu, yaani picha moja moja za skrini. Lakini tazameni tofauti, shekhe mtoa mada. Katika itikadi hiyo hakuna upungufu. Desturi ya maumbile haivunjiki kwa kuchoka, yavunjika kwa kutaka, na hiyo ndiyo muujiza. Wewe wamtafuta mwenye mashine kwa makosa yake. Wao walimtambua kwa utaratibu kutokukosea.

Chembe_Ndogo:

Waaleikum salaam shekhe wangu, hii sikuitegemea na imenifanya nisome mara mbili. Hiyo ya sifa kutodumu nyakati mbili ni kama skrini kabisa, pikseli hairithi chochote kutoka fremu iliyopita, inachorwa upya, mwendo unaouona ni mfuatano tu. Na hoja yako ya mwisho ni nzito. Lakini naona zinakaa pamoja bila kugombana: wao walikuwa wanazungumza juu ya Muumba, mi nazungumza juu ya fundi mwenye mashine ndogo, ambaye naye angekuwa kiumbe tu kama mimi na wewe, ana bosi na ana bili ya umeme. Huyo akiwepo, lazima makosa yake yaonekane.

Bisha_Hodi:

Mi nauliza swali la kijinga. Hizi mbona ni stori za jioni tu? Hakuna namna ya kupima, tunapotezeana bando.

Chembe_Ndogo:

Si la kijinga mkuu, na namna ipo, imeshafanywa.

2012 wanafizikia watatu, Silas Beane, Zohreh Davoudi na Martin Savage, walijiuliza hivi: sisi wenyewe tukitaka kukokotoa kiini cha atomu kwenye kompyuta tunachora nafasi kama gridi, vijiboksi vijiboksi, kwa sababu ramu haitoshi kuchora nafasi laini. Mwenye mashine aliyebanwa angefanya hivyohivyo. Gridi ina tabia moja haiwezi kuificha, ina pande. Kwenda sambamba na mistari si sawa na kwenda kwa kukata kona. Kwa mwendo wa kawaida huwezi kuhisi vijiboksi vyenyewe, ni vidogo mno, lakini chembe yenye nguvu kubwa sana inaanza kuvihisi. Kwa hiyo tazama miale ya anga, yaani chembe zinazotujia kutoka angani, zile zenye nguvu kuliko zote, uone kama zinapendelea pande fulani za mbingu kwa mpangilio wa gridi. Kuna moja ilinaswa Utah Marekani tarehe 15 Oktoba 1991, chembe MOJA ilikuwa na nishati ya joule kama 50. Jiwe dogo likirushwa kwa nguvu ndo lina nishati hiyo, humu imebebwa na kitu kidogo kuliko atomu. Chembe za namna hii zinakuja mara chache mno, lakini mpaka sasa hakuna mpangilio wa gridi ulioonekana.

Na kuna kingine. 2009 darubini ya Fermi iliyoko angani ilinasa mlipuko uliotokea miaka bilioni 7.3 ya mwanga kutoka hapa. Nafasi ingekuwa na mikwaruzo kule chini kabisa, mwanga wa nishati kubwa ungejikwaa tofauti na wa nishati ndogo, na kwa safari ndefu vile hata tofauti ndogo kiasi gani ingerundikana, ndo ileile hesabu ya Patriot. Fotoni (chembe ya mwanga) kali kuliko zote pale ilifika ndani ya sekunde moja na wenzake. Safari ya miaka bilioni 7 na ushee halafu mnapishana chini ya sekunde moja. Hiyo imenipiga kuliko maneno yote ya falsafa, mashine yoyote tunayoijua sisi ingeshapoteza desimali.

Nati_Bolti:

Mi ni fundi umeme, naongezea kwa upande wa kazi. Kabla hujasema ni mfumo, angalia waya.

2011 pale maabara ya Gran Sasso Italia walipokea chembe ndogo ziitwazo neutrino kutoka CERN, ile maabara ya fizikia kule Uswisi, kilomita 730, wakapima zimefika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Dunia nzima ikashtuka, kasi ya mwanga imevunjwa. Wale jamaa walikuwa waungwana, wakasema jamani sisi tumeangalia kila kitu, tusaidieni kutafuta kosa. Miezi michache mbele ikaonekana kuna kebo ya faiba haikukazwa vizuri. Kebo!

Na vile vyombo vya anga za mbali vya Pioneer 10 na 11 vilivyorushwa 1972 na 1973. Vilipofika mbali huko vikaonekana vinapunguza mwendo kidogo mno kuliko hesabu inavyosema, karibu miaka 30 watu wanakuna vichwa, na ukisoma mtoa mada anavyosema, makosa yatokee mbali sana na baada ya muda mrefu, hii ilikuwa inafaa kabisa. 2012 Slava Turyshev na wenzake wakatoa jibu: joto. Betri za nyuklia na mitambo ya ndani zilikuwa zinatoa joto zaidi upande mmoja, na joto likitoka linasukuma. Walilazimika kufufua data za zamani kutoka kwenye tepu ndo wakalimaliza. Mi kazini nimeshaitwa mara nyingi nyumba "ina majini", taa zinacheza zenyewe, nikifika nakuta nyutro imelegea kwenye mita.

Ticha_wa_Zamu:

Fundi umenena, ila usiwafungie mlango. Kuna mara moja haikuwa waya. Sayari ya Zebaki njia yake inazunguka zaidi ya hesabu za Newton kwa sekunde za pembe 43 kila miaka 100 (sekunde ya pembe ni nyuzi moja ikigawanywa mara 3,600), kitu kidogo hivyo, wakaisumbukia miaka zaidi ya 50, wakatafuta mpaka sayari nyingine iliyojificha karibu na jua. Hakukuwa na kebo iliyolegea. Hesabu yenyewe ndo ilikuwa pungufu, akaja Einstein 1915 akaiziba. Kwa hiyo kila glichi tuliyowahi kuiona iliishia ama kwenye chombo kibovu ama kwenye kanuni mpya, na mtoa mada alishasema kanuni ndo sura ambayo glichi ingeivaa, hapo ndo ugumu wa mada hii.

Miwani_Nyeusi:

Jamani mi nasomea mambo ya macho, nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyetaja simulesheni ambayo TUNA uhakika ipo. Iko kichwani mwako. Ubongo unatumia kama wati 20, chini ya zile balbu za zamani za nyumbani, na kwa wati hizo hauwezi kuchora kila kitu.

Chukua karatasi sasa hivi, chora msalaba kushoto na doa jeusi kulia, viachane sentimita 8. Shika karatasi sentimita 30 kutoka usoni, fumba jicho la KUSHOTO, la kulia litazame msalaba bila kuhama. Sogeza karatasi mbele nyuma taratibu. Kuna mahali doa litafutika. Pale ndo mshipa wa fahamu unapotokea kwenye jicho, hakuna kitu kinachopokea mwanga. Lakini angalieni la ajabu, huoni shimo. Unaona karatasi nyeupe tupu, ubongo umenakili rangi ya jirani ukapaka. Karatasi ikiwa na mistari, utaona mistari imeunganishwa. Umeishi na hilo pengo toka unazaliwa na hujawahi kuliona.

Na kila ukihamisha macho haraka, ubongo unakata picha kwa muda mfupi ili usione dunia ikivurugika. Tazama mshale wa sekunde wa saa ya ukutani kwa ghafla, sekunde ya kwanza itaonekana ndefu kuliko zinazofuata, kipande kilichokatwa kimezibwa. Kwa hiyo glichi za kuona vitu, kuona jambo kama lilishatokea, mtu kupita kumbe hakuna, zianzieni hapo kabla hamjaenda kwenye seva ya nje.

Yai_Viza:

Dada nimefanya hiyo ya karatasi nimetulia kabisa. Doa limepotea kweli. Nimeiweka kwenye karatasi ya daftari yenye mistari na mistari imejiunga kama ulivyosema. Nimewafanyisha watu watatu hapa ofisini, wote wamekubali.

Chembe_Ndogo:

Dada ubarikiwe. Na hii inaonesha namna mashine yenye wati chache inavyoficha pengo: hailiachi jeusi, inalipaka rangi ya jirani. Kama seva ya nje ipo nadhani ingefanya hivyohivyo, na ndo maana kutazama tu hakutoshi, lazima kupima.

Kasuku_wa_Ngong:

Sasa wasee, mimi niko Nairobi, nafanya mambo ya programu. Hakuna mtu ameongea kuhusu kaunta kujaa. Gemu ya Pac-Man ya 1980, ukifika leveli ya 256 nusu ya skrini inakuwa takataka, herufi na vipande vya rangi, sababu namba ya leveli iliwekwa kwa biti 8 na biti 8 mwisho wake ni 255. Roketi ya Ariane 5 ya Wazungu, 4 Juni 1996, ililipuka sekunde kama 40 baada ya kuruka, sababu namba kubwa ililazimishwa kuingia kwa nafasi ya biti 16. Na kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti 32 zitajaa 19 Januari 2038, kwa saa zetu za hapa ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, zile hazitakuwa zimerekebishwa zitarudi Desemba 1901. Je, kaunta ya ulimwengu yenyewe ni biti ngapi?

Chembe_Ndogo:

Kaka wa Nairobi hili ndo swali nimelipenda kuliko yote, nimekaa na kikokotoo.

Tuseme mdundo wa hiyo saa ni muda wa Planck, kile kipande kifupi kuliko vyote ambavyo fizikia yetu inaweza kuvizungumzia, sekunde 5.4 mara 10 kipeo cha hasi 44. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, ambayo ni sekunde kama 4.35 mara 10 kipeo cha 17. Gawanya, unapata midundo kama 8 mara 10 kipeo cha 60 tangu mwanzo. Kuiandika namba hiyo unahitaji biti 203. Kwa hiyo kaunta ya biti 128 ingeshajaa zamani sana, kabla hata sekunde ya kwanza haijaisha, hiyo tunaifuta. Kama fundi alikuwa bahili kweli akaweka biti 203 kamili, itajaa ulimwengu ukifikisha miaka kama bilioni 22, yaani tumebakiza bilioni 8 hivi, na Jua letu litakuwa limemaliza haidrojeni ya kiini chake kabla ya hapo. Akiongeza biti moja tu muda unakuwa mara mbili, bilioni 44.

Kasuku_wa_Ngong:

Lakini fundi yeyote angeweka 256. Sisi wote tunaruka kutoka 128 hadi 256, hakuna mtu anaweka 203.

Chembe_Ndogo:

Kweli. Na kwa 256 hesabu inatoka zaidi ya miaka 1 ikifuatiwa na sifuri 26. Ila ngoja, hiyo ni kwa saa moja ya ulimwengu mzima, na tulishaona mwanzo kwamba saa iliyo karibu na kitu kizito na iliyo mbali nacho haziendi pamoja. Mwalimu, kama kila chembe inabeba kaunta yake, ramu ya kaunta peke yake ni kiasi gani?

Ticha_wa_Zamu:

Biti 256 mara chembe zote, hata tukichukua zile atomu za sifuri 80 tu inafika zaidi ya 2 na sifuri 82. Mwaka 2002 Seth Lloyd wa MIT alikadiria ulimwengu tunaouona unaweza kuhifadhi biti kama 1 na sifuri 90 kwenye mata yake. Kwa hiyo zinaingia, tena zinabaki nyingi. Kesho nikitoka zamu naweka hesabu ya fotoni, hizo ni zaidi ya atomu kwa mara bilioni moja na ushee, hapo ndo panaanza kubana.